Uhandisi, Uchumi na Kipande cha Mwisho

Huko Vesterby, magharibi ya jimbo la Minnesota, Marekani, mtu hali kipande cha mwisho. Hakuna sheria iliyoandikwa, wala mchungaji hajawahi kulihubiri, lakini weka sinia la keki mbele ya watu wa mji ule, ondoka, kisha rudi baadaye: utakuta kipande kimoja kimebaki katikati ya sinia. Rudi tena, utakuta nusu. Halafu robo. Kila anayepita huchukua kisu, hukata, hubeba nusu yake na kumwachia mwenzake nusu, na mwenzake naye hukata iliyobaki, mpaka inabaki chembe ambayo hata nzi angeona haya kuigusa. Chembe hiyo huoshwa pamoja na sinia. Nimekaa na watu hawa miaka mingi na nimeyaona haya kwa macho yangu, lakini bado sijayazoea.

Signe Tollefson alizaliwa hapo, akakulia hapo, na mpaka anaingia mwaka wa pili wa chuo alikuwa hajawahi kula kipande cha mwisho cha kitu chochote. Alikuwa binti mrefu, mashavu mekundu kwa baridi, kichwa chake chepesi kwa hesabu, na adabu zake zilipita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Baba yake, Arlen, alikuwa mhandisi mwenye karakana yake mwenyewe nyuma ya nyumba, akitengeneza mitambo ya kukaushia mahindi. Mama yake, Doreen, alikuwa karani wa benki ya ushirika, na alikuwa na mkono wa keki. Vipande vyake vya limau vilikuwa vitamu mno, lakini kwa miaka yote aliyovioka hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Walimwambia, "Si mbaya, Doreen." Huko hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa, na ukipita hapo utaonekana unajipendekeza. Na jambo likiwakera mpaka likawatoa usingizi, husema tu, "Hilo ni tofauti kidogo," kisha wakamimina kahawa.

Sasa, balaa la Signe lilianza siku ya sherehe yake ya kumaliza sekondari. Banda la gari lilikuwa limefagiliwa, meza zimeazimwa kanisani, na mji mzima umekuja kula saladi ya viazi. Jirani yao, Bi LaVonne Skogmo, ambaye hajui kusema jambo kwa sauti ndogo, aliuliza kutoka upande wa pili wa banda.

"Signe, mwanangu, utasomea uhandisi kama baba yako, au siyo?"

Watu wote wakageuka. Signe alikuwa na sahani mkononi na kinywa kimejaa. Ukweli ni kwamba alikuwa hajui atasomea nini. Siku hiyo alikuwa anafikiria viatu vyake vinavyombana. Lakini baba yake alikuwa amesimama pale pale na jagi la maji ya matunda, anamtazama. Angesemaje? Akameza, akasema, "Si wazo baya, Bi LaVonne."

Haya, basi yakawa hayo. Kwa mji ule, kusema "si wazo baya" mbele za watu ni sawa na kupanda juu ya paa na kula yamini. Kabla jua halijatua ilikuwa imeshajulikana mpaka kwenye ghala la nafaka kwamba binti Tollefson anaufia uhandisi, kwamba toka utotoni alikuwa hivyo, na Bi LaVonne akakumbuka hata siku Signe alipolitengeneza birika la umeme la kanisa, ingawa siku hiyo kitu pekee alichofanya ni kuchomeka waya ukutani.

Kiangazi kile kile, Signe aliingia karakana kutafuta utepe wa kupimia. Nyuma ya mapipa akaona kitu kirefu kimefunikwa kwa turubai. Akafunua. Kilikuwa kibao kipya cha mbao, kimepakwa rangi ya kijani, na juu yake kwa mkono wa baba yake mwenyewe, herufi moja moja kwa subira, kimeandikwa: TOLLEFSON NA BINTI.

Moyo ulimshuka mpaka kwenye soksi. Alisimama pale muda, akakitazama, kisha akakifunika tena vizuri, pembe kwa pembe, akatoka bila utepe. Hakusema kitu. Baba yake hakusema kitu. Vuli ilipofika akaenda chuoni, safari ya asubuhi nzima kwa gari, akajiandikisha uhandisi.

Uhandisi haukumshinda, wala usidhani. Alikuwa anapata alama nzuri tu. Lakini alikuwa anausoma kama mtu anavyoosha vyombo: anaviosha vikatakata, anavipanga, na hakuna siku aliyoamka akasema leo natamani kuosha vyombo. Kisha muhula mmoja ratiba yake ikawa na pengo, naye akaliziba na somo la uchumi. Siku ya kwanza mwalimu akasimama mbele akasema, "Tuchukulie kwamba kila mtu, akipewa nafasi, atachukua kingi kuliko kichache."

Signe akacheka. Alicheka kwa sauti, yeye ambaye hata akipiga chafya hupiga kwa ndani. Watu wakamgeukia, naye akawaomba radhi wa kulia na wa kushoto. Lakini alikuwa analiona lile sinia la kanisani, na kile kipande kinachokatwa na kukatwa, na watu wazima wenye njaa wanakizunguka kama kina umeme. Baada ya kipindi akamfuata mwalimu akamuuliza: je, kama kuna mji mzima ambao watu wake hawataki kuchukua? Mwalimu akasema hilo ni swali zuri, aende akalitafutie jibu. Basi, Signe akaingia mzima mzima. Alianza kujiuliza kwa nini wakulima wa kwao wanakaa na mahindi ghalani mpaka bei inaporomoka, eti kila mmoja anaona haya kuwa wa kwanza kuuza. Kwenye uhandisi alikuwa anapata alama. Kwenye uchumi alikuwa anasahau kula.

Mtu mwingine angebadilisha fani, akaandika nyumbani, yakaisha. Lakini kila Signe alipofikiria kuacha uhandisi, kile kibao cha kijani kilimjia machoni. Herufi zile zilimuuma. Ndipo akapata wazo ambalo aliliona ni la busara: atasoma vyote viwili kwa pamoja. Uhandisi wa baba, uchumi wake. Hakuna atakayeumia. Muhula huo alijaribu kubeba mizigo yote miwili, akawa anasinzia juu ya kitabu cha uhandisi mpaka mistari inabaki shavuni. Aliacha kwaya ya chuo, aliyoipenda, kwa sababu saa ya kwaya ilikuwa ndiyo saa ya maabara. Rafiki zake wakawa wanamwona kwenye foleni ya kahawa tu.

Chuo kilitaka kila mwanafunzi wa mwaka wa pili aseme atasomea nini. Mshauri wake wa masomo alikuwa Dakta Pellegrino, mwanamke mfupi, wa kutoka New Jersey, ambako inaonekana watu husema wanachokifikiria na kisha wakaendelea kuishi. Signe aliingia ofisini kwake Ijumaa akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Zote mbili," Dakta Pellegrino akasema, akitazama ratiba. "Uhandisi na uchumi. Hii ni miaka mitano na ushei, bibie, na likizo za kiangazi humo humo. Mwaka ujao una vipindi viwili saa ile ile, majengo mawili tofauti. Unataka nikuombee ruhusa ukatwe katikati?"

"Sipendi kumsumbua mtu," Signe akasema.

"Sikukuuliza hilo. Sikiliza. Watu wanaokuja hapa wakitaka hizi mbili kwa pamoja wako wa aina mbili. Kuna wanaozipenda zote, hao nawapitisha kesho asubuhi. Na kuna wanaomwogopa mtu. Wewe uko wapi?"

Signe akatazama viatu. Mezani kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani yake ilikuwa imebaki moja. Dakta Pellegrino, huku anasubiri jibu, akanyoosha mkono, akaichukua ile biskuti ya mwisho, akaitia kinywani yote. Hakukata. Hakuuliza nani anaitaka. Alitafuna tu, makombo yakimdondokea kwenye blauzi. Signe alitumbua macho kama aliyeona mtu anavua nguo sokoni. Akangoja kitu kitokee. Hakikutokea kitu, dari haikudondoka, wala yule mama hakuona haya.

"Nauliza mara moja tu," Dakta Pellegrino akasema, akipangusa midomo. "Wewe unataka nini?"

Kwa maisha yake yote Signe alikuwa anaulizwa swali hilo kwa habari ya kahawa, na jibu lake analijua: unakataa mara ya kwanza, unakataa mara ya pili, mara ya tatu unasema nusu kikombe, kama ipo. Akafungua kinywa, kikatoka kile alichofundishwa. "Chochote tu, Dakta. Kitakachokuwa rahisi."

Dakta Pellegrino akashusha pumzi. "Nenda nyumbani kwenu," akasema. "Zungumza na huyo unayemwogopa. Jumatatu nataka jibu, na liwe la kwako."

Jumapili ile kulikuwa na theluji ya kwanza, laini, imelala juu ya mabua ya mahindi. Baada ya ibada watu wote wa Vesterby walishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, kama kawaida, kula. Palikuwa na ule mseto wao wa viazi, nyama ya kusaga na supu nzito ya uyoga uliookwa kwenye bakuli kubwa, palikuwa na kahawa nyepesi ambayo unaona mpaka chini ya kikombe, na palikuwa na sinia la Doreen la vipande vya limau.

"Injinia wetu huyo," Bi LaVonne akasema, akimpiga Signe begani. "Baba yako anahesabu siku, mwanangu. Anahesabu siku."

Signe akaona amejitia kitanzi mwenyewe. Akakaa na wazazi wake mezani, akapiga moyo konde, akaanza kwa njia ya kwao, yaani kwa kuzunguka mbuyu.

"Baba, chuoni kuna watu wanasoma uchumi."

Arlen akatafuna, akafikiri. Alikuwa mtu mpole, kidevu kirefu, mikono imejaa makovu madogo ya chuma. "Wapo," akasema. "Nasikia wapo."

"Inaonekana si fani mbaya."

"Hata mimi nasikia hivyo."

Wakanywa kahawa. Mchungaji alipita, wakazungumza naye habari za theluji. Signe akarudi tena kwenye njia yake.

"Mtu anaweza hata kuzisoma zote mbili. Uhandisi na uchumi. Inachukua miaka zaidi tu. Mitano, sita hivi."

Doreen akaweka uma mezani. Alikuwa mwanamke mdogo, mwepesi, asiyekaa kitako hata anapokula. Alimtazama mumewe, kisha akautazama ukuta. "Sita," akasema. "Hilo ni tofauti kidogo."

Signe hakuhitaji tafsiri. Alijua maana ya neno hilo kama anavyolijua jina lake. Akajisemea, umeona, hata kuongeza uchumi pembeni kunawaumiza, sembuse kuuacha uhandisi. Wakati huo huo kwenye sinia kulikuwa kumebaki kipande kimoja, na Bi LaVonne alikuwa ameshakikata nusu, na mchungaji amekata nusu ya nusu. Arlen akachukua kisu akakata robo ile, akamsukumia binti yake sahani yenye kitu cha ukubwa wa ukucha.

"Hapana, baba, kula wewe."

"Mimi nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Signe alisikia tumbo la baba yake linanguruma. Lakini akakata ule ukucha vipande viwili.

Walipofika nyumbani alikwenda chumbani kwa wazazi wake kuchukua blanketi la kujifunika garini, maana kipasha joto cha gari lake kilikuwa kinafanya kazi kinapotaka. Kwenye rafu ya juu ya kabati, juu ya blanketi, kulikuwa na kofia ya majani makavu, pana, ya jua, yenye utepe wa manjano na karatasi ya dukani bado inaning'inia. Kofia ya jua, Vesterby, ambako mwezi huo ukitoka bila glovu vidole vinakuaga. Signe akaigeuza geuza. Mama yake hakuwa mtu wa kununua vitu ovyo. Akadhani labda ni ya mchezo wa kuigiza kanisani. Akairudisha ilivyokuwa, wala hakuuliza, kwa kuwa na yeye ni wa huko huko.

Sasa inabidi nieleze habari ya kuaga, maana watu hawa hawaagi kama mimi na wewe. Kwanza Arlen alijipiga magoti kwa viganja vyote viwili, akasema, "Haya basi, nadhani." Hapo hakuna aliyeinuka. Ni taarifa tu kwamba kuaga kumeanza. Wakazungumza tena habari za mfereji wa maji wa jirani. Kisha wakasimama, wakazungumza wakiwa wamesimama. Kisha mlangoni, na makoti. Kisha barazani, mvuke unawatoka vinywani. Kisha kwenye gari, ambapo Signe aliingia, akafunga mkanda, akawasha, na akashusha kioo, kwa sababu sehemu ndefu kuliko zote ni ile ya dirishani. Doreen akamkabidhi kopo la vipande vya limau, yale masazo aliyoyaficha jikoni, halafu akakumbuka kwamba hajamfungia mseto wa viazi, akarudi ndani kutafuta ndoo tupu ya aiskrimu ya kuutilia.

Baba na binti wakabaki. Arlen alikuwa ameegemeza mkono juu ya paa la gari. Akasema kwamba barabara ya kaskazini ina barafu. Signe akasema amesikia. Baba yake akasema kuna kulungu wengi wanavuka msimu huu, aangalie. Signe akasema ataangalia. Wakawa wanakula vipande vya limau huku wanazungumza, kimoja baba, kimoja binti, bila kutazama, mpaka Signe alipoingiza mkono akakuta kimebaki kimoja.

"Chukua," Arlen akasema.

"Hapana, chukua wewe."

"Wewe una safari."

"Wewe umesimama kwenye baridi."

Arlen akatoa kisu chake cha mfukoni, kile cha siku zote, akakifungua, akakiweka katikati ya kipande. Alikipima kabisa, jicho moja amelifumba, kama anapima chuma, ili nusu zilingane.

Signe akayatazama makali ya kisu. Akaona nusu ya hapa na nusu ya pale. Akaiona miaka sita, akaona kwaya aliyoiacha, vipindi viwili vya saa ile ile katika majengo mawili, na yeye mwenyewe anarudi hapa uzeeni kusimama chini ya kibao cha kijani akitabasamu.

"Baba, usikate."

Arlen akainua kichwa. Signe akanyoosha mkono chini ya kisu, akachukua kile kipande, akakitia kinywani chote.

Kilikuwa kikubwa. Ilimchukua muda kukitafuna, mashavu yamevimba, sukari ya unga imemjaa midomoni, na baba yake muda wote huo amesimama na kisu hewani juu ya kopo tupu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kulungu akivuka barabara kwa miguu miwili. Signe akameza.

"Nataka kusoma uchumi," akasema. "Uchumi peke yake."

Arlen akashusha kisu. "Bila uhandisi," akasema.

"Bila uhandisi. Najua karakana ni ya... Najua ulitaka. Nimejaribu, baba. Sitaki."

Alikuwa anaogopa kumtazama, akamtazama. Arlen alikunja kisu polepole, akakirudisha mfukoni, akageukia shamba lenye theluji kana kwamba kuna mtu huko atakayemsaidia.

"Kuna jamaa mmoja wa mjini Fargo," akasema.

"Jamaa gani?"

"Ana kampuni ya mitambo. Anataka kuinunua karakana. Kila masika ananipigia simu, na kila mavuno ananipigia tena. Namwambia hapana, ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Si ni wewe."

Injini ya gari ilikuwa inakohoa. Signe akaizima. "Kwani wewe unataka kuiuza?"

"Aa, mtu anaweza. Siyo kwamba ni wazo baya."

"Baba. Nimekuuliza unataka."

Arlen alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Alikohoa. Nilivyoambiwa, masikio yake yalikuwa mekundu, wala si kwa baridi. "Nataka kuiuza tangu ulipokuwa darasa la nane," akasema. "Mgongo wangu hauna hamu tena. Nataka kuvua samaki. Lakini siku ile kwenye sherehe ulivyomjibu LaVonne, mbele za watu, nikamwambia mama yako, mtoto anaitaka sana. Hatuwezi kumvunja moyo."

"Nilisema si wazo baya."

"Ndiyo. Kwa nguvu namna hiyo."

"Nilikuwa na viazi mdomoni, baba." Signe akajishika kichwa. "Na kile kibao?"

"Ulikiona?"

"Nilikiona."

"Nilikiweka pale makusudi ukione," Arlen akasema. "Usije ukafikiri hatukutaki. Halafu nikakuta umekifunika tena, pembe kwa pembe, vizuri kabisa. Nikasema, basi amekipenda."

Signe akasikia hasira, kicheko na kilio vikigombania kutoka kwanza. Alifikiria mapaja yaliyokufa ganzi kwenye viti vya maabara. Alifikiria baba yake akiinua vyuma kwa mgongo unaouma, kila masika, kila mavuno, anamtunzia mtu kitu ambacho mtu huyo alikuwa analala juu ya vitabu ili asikikatae. Kicheko ndicho kilichotangulia. Alicheka mpaka akaegemea usukani na honi ikalia, na Arlen, baada ya kutazama huku na huku kama kuna jirani, akaanza kucheka naye, mabega tu, bila sauti, akijipangusa macho kwa glovu.

Honi ndiyo iliyomtoa Doreen. Alikuja mbio, aproni juu ya koti, amekumbatia ndoo ya aiskrimu iliyojaa viazi vya moto. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akaliona kopo.

"Nani amekula cha mwisho?"

Arlen akatazama juu, mawinguni. Alikuwa baba mwema na hangemtaja mtu.

"Mimi, mama," Signe akasema.

"Chote?"

"Chote."

"Hukukikata?"

"Sikukikata."

Arlen akaona afadhali amalize yote kwa mkupuo mmoja. "Anasoma uchumi tu, Doreen," akasema. "Uhandisi anauacha, hakuutaka. Tunamuuzia karakana yule wa Fargo."

Upepo ukavuma kidogo, theluji ikapeperuka juu ya boneti. Doreen alisimama na ndoo yake, inamfukizia mvuke usoni. "Ndiyo maana nilisema miaka sita ni tofauti," akasema taratibu. "Nilikuwa nahesabu, tungekuwa wazee." Akaikumbatia ndoo vizuri. "Nina kofia."

"Nimeiona," Signe akasema. "Ya wapi?"

"Arizona, kwenye jua la mwaka mzima. Dada yangu ana chumba huko. Nilidhani nikiitaja baba yako ataona namharakisha, na wewe utaona nakufukuza."

"Kwa hiyo ukainunua kofia."

"Ilikuwa imepunguzwa bei," Doreen akajitetea.

Akampitishia Signe ndoo dirishani. Signe akaiweka kwenye kiti cha pembeni, akaifunga mkanda isimwagike. Kisha akaushika mkono wa mama yake kabla haujatoka dirishani. Alikuwa ameshasema neno moja la wazi siku hiyo, na akaona hilo la pili asipolisema sasa litarudi ndani.

"Mama, kile kipande. Ni kitamu sana."

Doreen akamtazama.

"Vyote," Signe akasema. "Toka nilipokuwa mtoto. Ni vitamu sana na hakuna siku nimekuambia."

Arlen alisafisha koo. "Ni kweli," akasema. "Ni vitamu."

Doreen aliuvuta mkono wake. Midomo ilikuwa inamcheza. Alizunguka mbele ya gari kwa haraka, akawapa kisogo wote wawili, akachuchumaa kwenye gurudumu la upande wa pili, mahali ambapo binti yake hawezi kuuona uso wake.

"Gurudumu hili upepo umepungua," akasema huko chini.

Gurudumu halikuwa na tatizo lolote. Arlen alizunguka polepole, akachuchumaa kando yake kwenye theluji, mgongo ukimlia, wakaliangalia pamoja.